Damu ya Otieno Iliponyamaza

Asubuhi ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Mimi na rafiki yangu Otieno tuliamka Fort Ternan, tukafunga blanketi letu, tukaanza kutembea bila kujua tunakwenda wapi. Ilikuwa miaka ya tisini, na shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita. Tulichuma majani chai hapa wiki tatu, pale mwezi, tukichoka tunahama. Lakini safari hiyo Otieno alikuwa amekohoa miezi miwili. Kikapu alichokuwa akikibeba huku akiimba sasa kilimkalisha chini katikati ya michai.

Tulifika hospitali moja ya misheni karibu na Sotik. Mama Chebet wa maabara alisema wanajaribu kipimo kipya cha damu cha TB, na pia anataka makohozi ya asubuhi. Damu tulitoa sote wawili, kwa kuwa tulikuwa tukilala blanketi moja.

Majibu ya damu yakatangulia. Damu yangu ilikuwa na alama ya TB. Ya Otieno haikuwa na kitu.

Alicheka mpaka akakohoa. "Kaa mbali, bwana, usiniambukize," akaniambia. Makohozi hatoi tena, akasema, kesho tunaenda Bomet. Na hapo ndipo nilipokosea: nilikubali. Niliona mifupa ya mabega yake ilivyotokeza, lakini karatasi ilisema hana kitu, na mimi niliiheshimu karatasi kuliko macho yangu.

Nilirudi peke yangu kumuuliza Mama Chebet nitakufa lini. Hakunicheka. Alinieleza kwamba vijidudu vya TB vikiingia mwilini, damu hutengeneza kingamwili, yaani askari wa kumtambua adui huyo, na askari hao huweza kubaki muda mrefu hata adui akishashindwa. Nilitazama mkono wangu kama si wangu. Mimi niliyesahau hata nyimbo za mama yangu, kumbe damu yangu ilikuwa inamkumbuka adui ambaye sikuwahi kujua amepita.

"Na Otieno?" nikauliza.

"Mwili uliochoka sana wakati mwingine haupati nguvu ya kutengeneza askari," akasema. "Damu inakwambia imewahi kukutana na nani. Haikwambii nani yuko ndani leo. Niletee makohozi yake, kijana wangu."

Nilimbembeleza Otieno mpaka akachoka kukataa. Kesho yake Mama Chebet aliniruhusu kuchungulia kwenye hadubini. Juu ya rangi ya buluu niliona vijiti vyekundu, vyembamba ajabu, vimelala kimya. Vilikuwa vijidudu vya TB vya Otieno. Makohozi yangu yalikuwa safi. Nilivua kofia, sijui kwa nini.

Dawa ilitakiwa kila siku, kwa hiyo Bomet hatukwenda. Tulitafuta chumba Kaplong, kwa mama mmoja mwenye kinu cha posho, cha kusagia mahindi. Nilimwambia ukweli kuhusu ugonjwa. Alitutazama sana, kisha akafungua mlango wa chumba chenye dirisha kubwa. "Hili msilifunge," akasema. "Mtakaa siku ngapi?"

"Mpaka apone," nikajibu. Sikuwa nimewahi kujibu hivyo popote.

Alipona, mwanangu. Kwa hiyo ukipewa jibu linalokufurahisha, uliza kwanza lilikuwa jibu la swali gani. Na mwenzako akikohoa, usikubali kuhama naye kabla hajapimwa sawasawa. Mungu akupe pumzi ndefu, na mtu wa kukubembeleza siku utakapokuwa mkaidi.