Mabuti ya Mwandishi

Maktabani wasomaji walimwita Mama Ubao, na jina hilo alilipenda kuliko la kuzaliwa. Kazi yake ilikuwa kushona vitabu vilivyochanika, lakini kila Jumatatu alibandika kwenye ubao wa mlangoni habari na vituko vya waandishi maarufu: nani kapata tuzo, nani kagombana na mchapishaji, nani haandiki mpaka afungiwe chumbani. Watu walisoma, wakacheka, wakaenda rafuni kumtafuta huyo mtu. Ukitaka wateja, waonjeshe.

Kisha wifi yake, dada wa mumewe, akaajiriwa kwenye meza ya kuazimia vitabu. Huyu alikuwa na ulimi. Asubuhi alisoma ubao, na kabla jua halijapanda alikuwa ameusimulia wote kwa mikono na macho, foleni nzima ikishika mbavu. Mlangoni hakusimama mtu tena.

"Wifi, kikulacho ki nguoni mwako," Mama Ubao alimwambia.

"Aa, wifi yangu! Ubao wako hauna sauti. Mimi naukopesha yangu."

Hata nyumbani mume alikuwa akitafuna na kusifu: "Dada anajua kusimulia, jamani!" Chakula kikamshinda Mama Ubao.

Ikaja habari kwamba mwandishi mashuhuri atazungumza na wasomaji. Mkuu wa maktaba hakuzunguka: wifi atamkaribisha jukwaani, Mama Ubao apange viti. Yeye, aliyevishona vitabu vya mtu huyo vyote kwa mkono wake!

Akapanga viti. Alipomaliza akamvuta wifi pembeni, sauti ya asali.

"Nikupe kituko chake ambacho sijakibandika. Haandiki hata neno bila kuvaa mabuti ya mvua. Hata jua likiwaka."

"Kweli?"

"Nikudanganye nipate nini?"

Siku ilipofika alikaa kiti cha nyuma kabisa, akingoja aibu ya mwenzake kama mtu anayengoja malipo. Wifi akasimulia mabuti, akajifanya kayavaa, akatembea nayo jukwaani chwapu, chwapu. Mwandishi akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Nani kakupa siri yangu?" akauliza mwandishi. "Mke wangu?"

Watu wakaangua kicheko. Mfanyabiashara hakatai mzigo wa bure: mwandishi akakifanya kituko hicho chake, akaeleza mpaka rangi ya mabuti, na jioni ile rafu ya vitabu vyake ilibaki tupu.

Mkuu akampa wifi mkono mara mbili. Mama Ubao angesema nini? Kudai kituko ni kukiri uongo.

Walibaki wawili wakikusanya viti.

"Ulikitunga wewe," wifi alisema bila kugeuka.

"Ulijua?"

"Toka uliponiita pembeni. Lini umewahi kunipa kitu? Lakini kilikuwa kizuri, ningekiachaje?" Akabeba viti vitatu kwa mpigo. "Una kingine?"

Mama Ubao akaokota kiti cha mwisho. Kilikuwapo, kizuri kuliko cha kwanza, na kilichomuuma ni kwamba tayari alikuwa akikisikia kwa sauti ya wifi.