Verlene Kucera na Darasa la Sabini na Moja

Kila Mei, hapa Brandel, Nebraska, waliohitimu sekondari yetu wanarudi kula pamoja kwenye ukumbi wa michezo. Nyama ya kuoka, viazi vya kuponda, pai. Halafu mwenyekiti anaita madarasa mwaka kwa mwaka, kuanzia wazee kabisa. Darasa likiitwa linasimama, watu wanapiga makofi, linakaa. Kama umebaki hai peke yako, unasimama peke yako. Kuna mtu anaendesha gari siku mbili kutoka Oregon kuja kusimama sekunde kumi.

Verlene Kucera aliipikia karamu hiyo miaka arobaini na moja. Hajawahi kusimama.

Machi 1971 mkuu wa shule alimwita ofisini, akamwangalia tumbo, akamwambia achukue koti lake aende nyumbani. Zilikuwa zimebaki wiki tisa amalize. Picha ya darasa ilishakuwa ukutani, sura kumi na nne kwenye fremu moja. Wakaishusha, wakaikata sura yake, wakairudisha. Mpaka leo kuna tundu la mviringo kati ya Marvin Jelinek na Connie Svoboda, unaona ubao wa nyuma.

Aliyempa mimba alikuwa Duane Hadenfeldt. Yeye yuko mstari wa pili, anatabasamu. Alihitimu, akaoa LaVonne, akawa mwenyekiti wa bodi ya shule na wa chama cha wahitimu. Mji una watu mia nne, na Rochelle, binti wa Verlene, ana kidevu cha Duane. Hakuna asiyejua. Hakuna anayesema.

Verlene hakuolewa. Alipata kazi jikoni pale pale shuleni, akawalisha watoto wa wenzake, baadaye wajukuu wao. Boila ya kupasha shule joto ilipokufa, pai zake ndizo zilizopigwa mnada hadi ikapatikana nyingine. Sakafu ya ukumbi, hivyo hivyo. Wahitimu walioinunua hiyo sakafu kwa kula pai zake ndio waliosimama juu yake.

Mwaka huu shule inafungwa. Watoto watapelekwa mji wa jirani kwa basi, na bodi inavunjwa Juni. Cheti kinatolewa na bodi tu. Basi Februari Verlene akamfuata Duane kwenye duka la ushirika, mbele ya magunia ya mbegu.

"Duane, nataka kile cheti."

"Cha nini saa hizi, Verlene? Unaomba kazi?"

"Nataka kusimama."

"Una miaka sabini na mbili. Magoti yamekubali?"

"Magoti niachie mimi. Wewe peleka kwenye bodi."

Akakuna shingo. "Nitapeleka. Kikao cha mwisho ni Alhamisi kabla ya karamu. Mkono wangu huu."

Akampa mkono kweli. Verlene akanunua gauni la bluu, akampigia Rochelle aje kutoka Omaha.

Siku ya karamu gauni lilikuwa chini ya aproni. Wanaume walikuwa wameshaanza hadithi ya nguruwe aliyepakwa mafuta akaachiwa koridoni, kama kila mwaka.

"Ilikuwa sitini na tisa," Gaylen Kozak alisema.

"Sitini na nane," Verlene akajibu kutoka dirisha la jikoni. "Na nguruwe alikuwa wa baba yako. Ulilia."

Meza nzima ikacheka. Anajua kumbukumbu zao kuliko wao, huyu.

Madarasa yakaanza kuitwa. Lilipofika la sabini, Verlene alifungua aproni, akaitundika, akaja mlangoni kusubiri cheti chake. Rochelle alishatoa simu apige picha.

"Darasa la sabini na moja."

Connie akasimama. Marvin akajiinua kwa mkongojo. Duane mwenyewe alikuwa tayari amesimama, na kipaza sauti mkononi. Makofi. Akaangalia mlango wa jikoni, nilimwona, nilikuwa meza ya karibu. Kisha akaangalia karatasi yake.

"Darasa la sabini na mbili."

Verlene aliingia ndani, akafunga aproni, akakata pai.

Duane alimfuata jikoni baadaye, sahani mkononi. Rochelle alikuwa anapangusa vijiko.

"Haikuingia kwenye ajenda, Verlene. Mambo yalikuwa mengi. Mabasi, madawati..."

"Ulisahau?"

Akakuna shingo. "LaVonne alisema tutakuwa tunafukua mambo ya zamani."

"Mambo ya zamani ndiyo mimi, mzee," Rochelle akasema. "Niko hapa, napangusa vijiko vyenu."

"Rochelle," Verlene alisema, "meza ya nyuma hawana kahawa."

Hakulia. Alimkatia Duane pai, akampa.

Alifariki Novemba, kiharusi, jikoni kwake. Rochelle aliandika tangazo la kifo kwa mkono wake: mama yake alihitimu Sekondari ya Brandel mwaka 1971. Gazeti likatoka Alhamisi, limeandikwa alisoma Sekondari ya Brandel. Hapa kwetu kila mtu anaijua tofauti ya maneno hayo mawili. Rochelle akapiga simu.

"Pole sana, dada," mwanamke wa gazeti akasema. "Tulipigiwa na chama cha wahitimu. Orodha yao haina jina lake."

"Nani alipiga?"

"Mwenyekiti. Alisema anataka tu iwe sahihi."

Rochelle hakubishana. Chama kilituma maua makubwa kuliko ya mtu yeyote, utepe wa bluu na dhahabu, rangi za shule. Aliyachukua mlangoni mwa kanisa kabla jeneza halijaingia, akaenda kuyaweka juu ya boneti ya gari la Duane.