Bodi Iliyofungiwa Milango Yote

Bisibisi hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kwa sababu ya bisibisi ndogo anayoichomeka nyuma ya sikio asubuhi, kisha anaitafuta kutwa nzima mezani, mfukoni na chini ya kiti, akiwalaani wezi, mpaka mkewe amshike sikio. Kazi yake ni kuzitia akili bodi ndogo za kompyuta, zile zilizo sawa na kitambulisho kwa ukubwa, zinazoendeshwa kwa programu ya Linux. Ameziweka kwenye mashine za kutotolea vifaranga, kwenye mageti, na kwenye tangi la maji la shule moja ambalo hadi leo hujijaza lenyewe na, likijisikia, hujimwaga lenyewe.

Safari hii kazi ilikuwa ya dada yake, muuguzi anayeshika chumba cha chanjo katika zahanati. Friji lake lilikuwa limezimika Ijumaa jioni bila mtu kujua, na Jumatatu akamwaga kila kichupa kwa mkono wake mwenyewe, huku kina mama na vichanga vyao wamejaa kwenye benchi. Hapo ndipo alipoapa mbele ya daktari mkuu kwamba mdogo wake atatengeneza kitu cha kupiga king'ora joto likipanda. Daktari mkuu alikubali, ila kwa sharti: kifaa kisiwe na mawimbi. Si waifai, si blututhi. Mawimbi, alisema, yanaivuruga mashine ya kupima moyo iliyo chumba cha pili. Hakuna aliyemuuliza amejuaje. Yeye si mtu wa kuulizwa.

"Nimeshakusema kwa watu," dada alimwambia Bisibisi. "Usije ukaniumbua."

Sasa, bodi hizi zina vijiti vya chuma vilivyopangwa pembeni, mafundi huviita pini, na kila pini inaweza kufanya kazi zaidi ya moja, ila si kwa wakati mmoja. Ni kama yule mjomba ambaye ni dereva, dalali na mshenga: ukimtaka aendeshe gari, sharti kwanza umtoe kwenye posa. Lipo faili ambamo fundi huandika nani ashike kazi gani. Bisibisi aliandika kwamba pini mbili zizungumze na kipimajoto. Kipimajoto kikakaa kimya kama mkwe mgeni. Akabadilisha waya, akabadilisha kipimajoto, akakitukana kiwanda na ukoo wa mwenye kiwanda. Kumbe njia yenyewe ya mazungumzo ilikuwa imekaliwa na blututhi, ambayo hakuna mtu aliyeialika. Alipoizima, kipimajoto kikaanza kutapika namba. Mkewe alimkuta anaicheka bodi peke yake, akafunga mlango taratibu.

Alhamisi akaipachika ukutani juu ya friji. Kabla ya kufunga kasha aliimwagia gundi ya moto memori kadi, ambayo ndiyo hubeba maagizo yote ya bodi, kama kawaida yake, tangu mteja mmoja alipochomoa kadi ya geti ili aweke nyimbo kwenye simu. Waya wa king'ora haukufika kwenye pini yake, basi akauhamishia pini ya jirani na kulirekebisha faili hapo hapo, laptopu ikiwa magotini. Ikabaki waifai. Akaandika mstari wa kuizima, akaiwasha bodi upya, akakunja mikono kama bwana harusi.

King'ora kikalia. Kikalia na hakikunyamaza. Ile pini ya jirani, bodi ikiamka, huamka imewaka, na Bisibisi hakuwa ameiambia ianze kwa ukimya. Mstari mmoja tu ungetosha. Akaifungua laptopu auandike, na hapo akakumbuka: laptopu ilikuwa ikizungumza na bodi kwa waifai, na waifai alikuwa ameiua yeye, kwa mkono wake, tena kwa mbwembwe. Kuingia kwa waya? Pini pekee za kuingilia kwa waya alishazigawa kwa kipimajoto. Kadi? Kadi ilikuwa imelala chini ya gundi.

Vichanga vikaamka vyote. Bibi mmoja kwenye benchi aliuliza kama na hicho kifaa kimechomwa sindano.

Daktari mkuu akatokea. Dada akachomoa waya wa umeme wa bodi. Daktari alilitazama sanduku la chanjo mpya lililokuwa likisubiri juu ya barafu, akasema friji lisilo na mlinzi haliwekwi kitu. Barafu ikiisha yote, sanduku litaenda zahanati nyingine na kina mama warudi makwao. Kisha akaondoka. Dada hakumtazama mdogo wake. Alianza kupangapanga pamba zilizokuwa zimeshapangwa.

Bisibisi alikwangua gundi kwa wembe. Gundi ikatoka vizuri sana, pamoja na nusu ya kadi. Akaibandua bodi, akakimbia nayo nyumbani, akatia kadi mpya. Nakala ya maagizo aliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani, kwa hiyo blututhi ilikuwa imerudi kukaa kwenye kiti chake, na kazi ikaanza upya: toa huyu, weka yule, pini ya king'ora ianze kimya, jaribu, washa upya, jaribu tena. Waifai aliizima mwisho kabisa, baada ya kuiwasha bodi upya mara nyingi kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Gundi aliitupia uvunguni.

Aliporudi na kuipachika tena bodi ukutani, barafu ilikuwa imebaki vipande. Dada akaliacha friji wazi, wote wakasubiri. King'ora kikalia. Akalifunga, baada ya muda kikanyamaza. Akaanza kupanga vichupa ndani, kimoja kimoja, na kwenye benchi mtu akaita nani wa kwanza.

Daktari mkuu alikuja kukagua, akaridhika, akalipiga kasha kofi dogo la pongezi.

"Safi sana, fundi. Kimebaki kitu kidogo tu. Usiku nikiwa nyumbani, kiwe kinanitumia ujumbe kwenye simu."

Bisibisi alifungua mdomo.

"Usijibu," dada alisema, bila kugeuka. "Nishikie hicho kichupa."