Hereni za Dada Yangu Zilivyogeuzwa Pete

Yapo maneno yanayozungushwa kati ya Gairo na Morogoro mjini kwamba pete ya ndoa ya mpwa wangu iliongezewa dhahabu ya dukani. Maneno hayo si ya kweli. Nilikuwepo kazi ile ilipofanyika, na ninaandika ili kumbukumbu zikae sawa.

Dada yangu alifariki akimwachia binti yake hereni mbili nzito za dhahabu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayemsimamia. Kwa hiyo binti alipochumbiwa, hereni zililetwa kwangu. Alitaka ziyeyushwe ziwe pete yake, na dhahabu nyingine isiingizwe.

"Nataka niende altareni na mama," aliniambia.

Nilizipeleka kwa sonara aliye karibu na soko, pamoja na uzi ambao binti alijipimia kidole huko Mgeta milimani, anakofundisha shule.

"Ziache, mzee. Njoo Ijumaa," alisema sonara.

"Nimetumikia serikali hadi nimestaafu. Maana ya 'njoo Ijumaa' naijua. Nitakaa hapa."

Akacheka, akanisogezea kigoda. Aliziweka hereni katika kikombe cha udongo, akazielekezea moto wa gesi mpaka zikawa tone moja linalotetemeka. Akalimimina katika kalibu, likaganda kuwa kijiti. Akakigonga kwa nyundo, akakipasha moto kisipasuke, akakigonga tena. Kisha akakikunja juu ya fimbo ya chuma, na ncha zake akaziunganisha kwa moto mtupu, kwa kuwa nilikataa zilehemiwe kwa madini mengine.

Siku ya kuijaribu, mpwa wangu alishuka na lori la mboga, akafika mjini jua likiwa kali. Shangazi wa bwana harusi naye alikuwa amekuja kutoka Gairo kushuhudia. Pete ikagoma kwenye kifundo cha kidole.

"Dhahabu ya marehemu haitoshi," alisema shangazi. "Iongezwe, au tukanunue nyingine Dar. Mjomba huyu anabana hadi pete."

Mpwa wangu aliinamisha uso. Nikamwuliza alijipima wakati gani.

"Alfajiri, mjomba, kabla ya kwenda shule."

"Kwenye baridi ile?"

"Nilikuwa nimevaa sweta mbili."

Jambo likawa wazi. Kidole cha alfajiri ya Mgeta hakilingani na kidole cha mchana wa Morogoro, joto hukijaza. Shangazi angeweza kuuliza kabla ya kuhukumu. Hakuuliza.

Sonara alisema pete ingeweza kutanuliwa, ila ingekuwa nyembamba zaidi. "Au niongeze kidogo, mzee? Haitaonekana."

"Nitaiona mimi. Tanua."

Akairudisha kwenye fimbo, akawa anaizungusha huku akiigonga taratibu.

"Itakatika hiyo," alisema shangazi.

Haikukatika. Mpwa wangu aliivaa; ikapita kifundo, ikatulia mahali pake. Alikifumba kiganja akakibana kifuani.

Ndoa ilifungwa mchana, katika joto lilelile. Bwana harusi alimvalisha pete bila kusukuma, na kanisa zima likalipuka kwa vigelegele. Vya shangazi vilikuwa virefu kuliko vya wote. Nilimwona na nilimsikia, na hilo nalo liingie kwenye kumbukumbu.