Jina Nililompa Nkambo

Utotoni mwangu, kule Ruashi, mtaa wa mji wa migodi, mwanamke aliyekawia kujifungua hakuulizwa anaumwa wapi. Aliulizwa majina. Wakubwa wetu waliamini kwamba mke aliyelala na mwanaume mwingine akiwa mjamzito hujifungia njia, na mtoto hatoki mpaka huyo mwanaume atajwe. Leo nikisimulia haya, vijana hutabasamu. Mimi sijaweza kutabasamu hata mara moja.

Tantine Godelive alikuwa mdogo wake mama, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika hadi nyumba ya tatu. Mume wake alifanya kazi ya zamu mgodini, kwa hiyo mimba yake ya kwanza ilipokaribia mwisho alirudi kwetu, kwa nkambo, yaani bibi yangu, mama yao mzazi. Nilikuwa na miaka tisa, nami ndiye niliyetembea naye kila mahali: kuchota maji, sokoni, misa ya Jumapili.

Uchungu ulimshika Jumanne alfajiri. Kufikia Jumatano mchana sauti yake ilikuwa imekauka. Baba alikuwa mji wa Likasi kikazi. Chumbani walikuwamo mama, nkambo na mama mmoja jirani.

"Godelive, mutoto wangu, taja jina," nkambo alimbembeleza. "Ukitaja, mutoto anatoka."

"Hakuna jina, mama. Hakuna. Munipeleke hospitali."

"Hospitali itafanya nini kama njia imefungwa?"

Nkambo hakuwa mkatili. Alikuwa amekwisha kumzika binti mmoja aliyekufa akijifungua, na sasa hakuacha kumkanda tantine mgongoni. Mwishowe alitoka uani, akachuchumaa mbele yangu.

"Weye unatembeaka naye kila siku," aliniambia polepole. "Ulimuona na mwanaume gani?"

Nilitaka kilio kile kikome. Nikatafuta kichwani, nikamkumbuka papa wa makala, muuzaji wa mkaa wa barabara yetu. Siku moja alimtwika tantine ndoo ya maji, naye tantine akacheka.

"Papa wa makala," nikasema.

Nkambo alirudi ndani. Nilisikia akilisema jina lile. Tantine akajibu, "Ndiyo. Njo yeye. Sasa munipeleke."

Hakuna aliyempeleka. Kwa kuwa jina lilikuwa limetajwa, waliketi kumngojea mtoto. Walingoja hadi Alhamisi, baba aliporudi na kumkuta tantine hawezi tena kuitika. Alikimbia barabarani kusimamisha teksi. Hospitalini walimtoa mtoto wa kiume, amekwisha kufa.

Baada ya juma moja nyumbani, godoro lilianza kulowa. Mkojo ulimtoka wenyewe, akiwa amesimama au amelala, mchana na usiku. Mume wake alikuja mara mbili, akakaa karibu na mlango bila kuvua kofia. Alikuwa amelisikia lile jina. Hakuja mara ya tatu. Papa wa makala naye alitukanwa na wanawake hadi akaacha kupita kwetu. Na nkambo, alipoulizwa kwa nini mtoto alikufa ingawa jina lilitajwa, alijibu, "Hakutaja banaume bote." Imani ile haikushindwa kamwe. Ikikosea, mwanamke ndiye mwongo.

Kwa miaka mitatu tantine aliishi chumba cha nyuma. Alirarua vitenge vya zamani vipande vipande, akavifua kabla watu hawajaamka. Alikunywa maji kidogo ili asivuje sana, na mkojo ukawa mkali, ukamchoma mapaja. Aliacha kwenda misa siku mama mmoja alipohama benchi. Kicheko chake sikukisikia tena.

Kisha Jumapili moja, baada ya misa, muuguzi mgeni alisimama mbele ya wanawake. "Kama iko mwanamke nyumbani mwenye kutokwa mukojo," alisema, "haiko bulozi. Iko kidonda. Kinashonwa." Mama alirudi nyumbani karibu akikimbia.

Hospitalini daktari aliwachorea mama, nkambo na tantine kwenye karatasi: kichwa cha mtoto kilikibana kibofu dhidi ya mfupa muda mrefu, nyama ikafa, likabaki tundu. Aliiita fistula. Akauliza uchungu ulidumu siku ngapi. Baadaye mama alinisimulia kwamba nkambo alitazama sakafu.

Upasuaji wa kwanza haukushika. Wa pili ulishika. Majuma mawili tantine alilala na mrija wa kutoa mkojo, akinywa maji jagi kwa jagi kama alivyoagizwa. Siku ulipotolewa, aliketi kitandani karibu saa nzima, mkono chini ya paja, akipapasa shuka. Lilikuwa kavu. Alilia, akaomba aachwe peke yake. Hakupata mimba tena.

Nkambo alikufa bila kulizungumzia jina lile. Mwaka jana, mimi mwenyewe nikiwa mjamzito, nilikwenda kwa tantine, mtaa wa Makomeno, anakoshona nguo, nikamwambia kwamba jina lile lilitoka kwangu. Hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Nilisikia," alisema. "Mulango ilikuwa wazi. Nilikubali juu banipeleke hospitali tu."

Kisha akaniuliza nimechagua hospitali gani, na ni nani atakayenifikisha.

Nilikuwa mtoto, na nkambo aliogopa. Yote mawili ni kweli. Lakini sasa nimezaa, najua mtoto anavyocheza tumboni, na huwa nafikiria Jumatano ile mchana, nilipofungua mdomo. Huenda yule mdogo wangu, mtoto wa tantine, alikuwa bado hai tumboni.