Gari la Nyota na Mistari Miwili Niliyoiruka

Gari lile limenigharimu laki sita, elfu kumi na mia tano, minazi thelathini na sita, na dada mmoja. Nimehesabu mara mbili. Kwenye fedha huenda nimepunjika mia mbili tatu. Kwenye dada sijakosea, nilikuwa naye mmoja tu.

Kosa ni langu. Nalisema mapema asije mtu akahangaika kunitetea.

Mimi ni dalali hapa Ukunda. Nauza viwanja, pikipiki, friji, hata mbuzi wa harusi nimewahi kuuza. Nyanya sinunui bila kumchosha muuzaji. Lakini kabla ya udalali nilikuwa mlinzi wa geti kwenye nyumba moja ya ufuoni Diani, ya mzee wa Kizungu, na mzee huyo alikuwa na gari. Jina la kampuni silitaji. Ni lile refu la kale, bluu iliyokoza, lenye nyota ya chuma imesimama wima juu ya boneti. Mnalijua. Nililifungulia geti miaka tisa, asubuhi na jioni. Nililipenda, jamani! Lilipita mbele yangu kimyakimya kama tajiri anayetoka msikitini.

Humo ndani niliingia mara moja tu. Dada yangu mkubwa, nitamwita Mwanakombo, alikuwa ameniletea chakula kutoka kwetu Mwabungo, na masika yakatukuta tumesimama getini, tumelowa. Yule mzee akasimamisha gari, akasema atatufikisha njia panda. Kisha akashuka, akachukua gazeti, akalitandika kwenye kiti cha nyuma tusije tukakichafua.

Dada akasema, "Ahsante, mzee, mimi nitatembea." Akaenda zake na mvua.

Mimi nikakaa juu ya gazeti.

Siku ile niliapa: gari hili litakuwa langu, na dada atakaa kiti hicho cha nyuma bila gazeti. Kumbukeni hilo, maana ndiyo ngao niliyojikingia wakati nafanya ubaya wangu. Kila nilipoona haya nilijiambia ni kwa ajili yake.

Miaka ikapita. Mzee akarudi kwao, nyumba ikauzwa, na gari likabaki limeegeshwa chini ya banda la makuti, linapulizwa na upepo wa chumvi. Mwaka jana nikasikia linauzwa. Nikaenda. Nikamkuta meneja mmoja wa bara.

"Buda, hii ni laki nne," akasema. "Ni ya kizamani, ndiyo maana iko juu."

"Nyanya zikikaa pia huwa za kizamani," nikamwambia. "Mbona hazipandi bei?"

Nilimwendea siku sita. Siku ya saba akaniachia kwa laki mbili na elfu kumi, akaniambia nimemuumiza kichwa. Nilitoka pale nacheka peke yangu. Nilijiona mjanja wa Pwani nzima!

Fundi wangu, Salimu, ndiye aliyenifungua macho. Aliinama, akainua zulia la mbele, akalirudisha taratibu kama mtu anayemfunika maiti.

"Sheikh wangu, hapa hakuna sakafu."

"Kuna nini?"

"Kuna zulia. Hili gari limesimama kwa heshima ya zulia."

Chumvi ilikuwa imelila lote kutoka chini. Mtu mwenye akili angeliuza siku ileile hata kwa hasara. Mimi nikasema, tuchomelee. Baada ya sakafu ikaja injini. Baada ya injini, vipuri ambavyo Mombasa nzima havikuwepo. Kisha viti vya ngozi, maana lazima kiti cha nyuma kirudi kama kilivyokuwa. Kila Salimu aliponitajia bei nilimpunguza, na kila nilipompunguza aliniletea kipuri cha chini, na kila kipuri cha chini kilikufa na kingine cha juu. Nilikuwa nabishana bei na kaburi langu mwenyewe.

Akiba ikaisha, gari halijanguruma. Hapo ndipo nilipoikumbuka minazi.

Marehemu baba alituachia minazi thelathini na sita Mwabungo. Iligawanywa kisheria: mimi ishirini na minne, dada kumi na miwili. Shamba ni moja, na minazi ya dada ni ile iliyozunguka nyumba na kisima. Dada ni mjane, hana mtoto. Minazi ile ndiyo mkono wake wa kulia. Anauza nazi barabarani, anashona makuti, na nazi za hitima ya baba kila mwaka zinatoka hapo hapo. Hajanunua nazi dukani tangu azaliwe, na hulisema hilo kwa maringo.

Sikuuza minazi. Niliiweka rehani. Kwetu ni jambo la kawaida: unachukua fedha, mwenzio anakula mazao mpaka muda uishe, ardhi inabaki yako. Mtu mwenyewe nitamwita Bwana Nyale, mnunuzi wa nazi. Aliitaka yote thelathini na sita kwa miaka mitatu, vipande hakutaka.

Nilipiga hesabu kwanza. Nazi za miaka mitatu, hata mti ukizaa vipi, hazifiki laki moja na nusu. Yeye alikuwa ameshafika laki na themanini! Nikasema moyoni, leo nimempata mjinga. Na kwa kuwa mate ya tamaa hayana bakuli, nikataka kumkamua zaidi.

"Ongeza kumi," nikamwambia. "Nami nitaandika mazao yote. Nazi, madafu, makuti, vifuu, kumbi. Hata fagio ni lako."

Bwana Nyale akatazama juu ya minazi kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa upole, "Andika 'mazao yote ya kila aina', basi. Ukianza kutaja utasahau kingine."

Akatoa kumi. Mimi nikaona nimeuza maneno matupu kwa elfu kumi. Nikaenda saiba, duka la kompyuta, nikachapisha hati mimi mwenyewe. Chapa ilikuwa shilingi hamsini, nikambana mwenye duka mpaka arobaini.

Ilibaki sahihi ya dada.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Nilimkuta uani anashona makuti. Nikamwambia nimepata mtu wa kununua nazi kwa jumla, nitakuwa namletea fedha yake kila mwezi, asihangaike tena na jua la barabarani. Akafurahi. Akaniombea dua! Kisha akafuta mikono kwenye leso, akasema:

"Nisomee, mdogo wangu. Mimi najua herufi za msahafu tu, hizi zenu hunipita."

Nikamsomea. Nilisoma kwa sauti nzuri, taratibu, kama khatibu. Na nikaruka mistari miwili. Mmoja wa miaka mitatu, mmoja wa mazao yote ya kila aina.

Hakuuliza kitu juu ya hati. Akatia kidole gumba kwenye wino, akabandika, akaniuliza kama nimekula.

Nilikuwa nimekula.

Miezi iliyofuata nilimtumia elfu tatu kila mwisho wa mwezi, nikajiona mwema. Alinipigia simu mara tatu. "Njoo nyumbani, kuna jambo." Nami kila mara, "Nipo kwa fundi, dada, nitakuja." Nilidhani elfu tatu hazimtoshi. Wallahi nilidhani ni fedha!

Gari likanguruma siku ya Jumamosi. Nikaisugua nyota mpaka ikaniumiza macho, nikavaa kanzu nyeupe, nikashika njia ya Mwabungo. Watu wa bodaboda wakanipigia honi. Nilisikia raha ambayo siwezi kuisimulia, kwa hiyo sitaisimulia.

Nikakata kona ya kuingia kwetu. Nikaona watu.

Wamekaa kwenye vigogo kuzunguka kisima cha dada, wanaume kumi na wanne, nimewahesabu mara mbili, kila mmoja na kata yake mkononi. Nikatazama juu. Kila mnazi umechongwa vidato vya kupandia. Kila kilele kina kibuyu kimefungwa kwenye karara. Mgema alikuwa juu ya mnazi uliopo mlangoni kwa dada, ananoa kisu, anaimba.

Walikuwa wanagema tembo, pombe ya mnazi. Kwenye minazi ya marehemu baba, mtu aliyekuwa akiadhini!

Kwa asiyejua: karara ndilo linalozaa nazi. Likikatwa kwa ajili ya tembo, nazi hakuna hata moja. Lakini tembo hutoka kila siku, asubuhi na jioni, na kila siku lina mnywaji wake. Bwana Nyale hakuwa mjinga. Mjinga alikuwa ndiye aliyehesabu nazi.

"Ni mwenye shamba!" mmoja wao akapaza sauti alipoiona nyota. "Mpeni kata, msimdai!"

"Atakunywa na gari?" mwingine akauliza.

"Gari nalo lipewe, limetoka safari!"

Wakacheka. Sikuwachukia. Wao wamelipa.

Dada akatoka mlangoni. Alikuwa amejifunga leso kichwani mpaka machoni, ndani ya ua wake mwenyewe, kwa sababu ya macho ya watu. Nikashuka. Nikasema lile nililoliandaa miaka yote, maana sikuwa na jingine mdomoni.

"Dada, nimekuja kukuchukua. Ukae kiti cha nyuma. Bila gazeti."

"Gazeti gani?"

Nikamkumbusha siku ya mvua, mzee, kiti. Akanitazama kama mgeni.

"Siku ile nilikuwa napitia dukani kununua mchele," akasema. "Ndiyo maana nikatembea."

Hakukumbuka hata rangi ya gari.

Akaniingiza ndani, akaufungua mkoba wake wa kuwekea karatasi, akatoa nakala ya ile hati niliyomwachia. Akaketi mkekani.

"Nisomee tena," akasema. "Yote."

Nikamsomea. Safari hii sikuruka. Huko nje mgema alikuwa bado anaimba. Nilipofika mstari wa kwanza kati ya ile miwili, dada akafumba macho. Nilipofika wa pili akanishika mkono.

"Hapo, mara ya kwanza, ulipasoma?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi," akasema. "Nimekusamehe." Akainuka kwenda kutawadha, na akatawadhia ndani, kwa maji ya ndoo, maana kisimani hapafikiki.

Nilimwendea Bwana Nyale siku ileile. Nikamwambia nitarudisha laki na tisini, niongeze na ishirini. Akanikaribisha chai.

"Ndugu yangu, fedha sina shida nayo. Hati si uliandika wewe?"

"Niachie basi ile kumi na miwili ya dada."

"Dada mwenyewe ametia kidole," akasema, na hakusema kwa ubaya. Nikabishana naye mpaka chai ikapoa. Ni mara ya kwanza maishani nimetoka mahali na bei ileile niliyoingia nayo.

Nikaenda kwa chifu. Chifu akasema karatasi ni karatasi, nikitaka kuivunja niende nikaseme mbele ya watu kwamba nilimdanganya dada. Nikamwambia dada tukaseme. Akakataa katakata. Hataki mtoto wa baba yake asimame mahakamani aitwe mwongo. Ona! Mpaka leo ananisitiri.

Imamu akaniambia maneno machache tu: haki ya dada yako ipo shingoni mwako. Nilikuwa najua. Ilikuwa imeshaanza kunikaba.

Na gari? Lilitembea mara sita. Mara ya sita giaboksi ikafia njiani, nikalisukuma na wapita njia mpaka kwa Salimu. Lipo pale. Nimelitangaza kwa laki tano, kwa tatu, kwa moja. Aliyekuja ni mnunuzi wa vyuma chakavu, na amekuja na mizani. Anataka kulipima kwa kilo! Nyota, anasema, hailipii kitu, ni nyepesi.

Wasomaji, mkiweka rehani minazi, andikeni kwa herufi kubwa: hakuna kugema. Na mtu wako akikuomba umsomee karatasi, soma kila mstari, hata kama mstari huo utakukata ulimi. Kitu unachokiruka hukusubiri mwisho wa ukurasa.

Imebaki miaka miwili na miezi mitano. Kila Ijumaa nampelekea dada nazi kumi na mbili, moja kwa kila mnazi wake. Hazikatai. Anapokea, anashukuru, ananiuliza kama nimekula. Ukiwa mgeni utasema hapana kilichoharibika.

Lakini wiki iliyopita alirudi kutoka hospitali Msambweni na karatasi. Nilikuwepo, nimekaa hapo hapo mkekani. Nikanyoosha mkono niipokee, kama nilivyozoea miaka yote. Akaikunja, akaitia ndani ya leso, akatembea nayo mpaka nyumba ya nne, kwa jirani, akasomewe huko. Aliporudi nikamuuliza imesema nini.

"Kheri," akasema.

Sijui hospitali imemwambia nini. Jirani anajua. Mimi sijui. Ana miaka sitini na mitatu.

Sitaki mnisaidie fedha, na kuhusu gari nimeshakata tamaa. Nataka mtu mmoja tu, mwenye busara kuliko mimi, aniambie: nimwambie nini dada yangu ili anipe ile karatasi nimsomee?