Yule Aliyeoa Tanga

Tangu utotoni pale Chilangala, mama alijua kwamba baba yake alikwenda Tanga kukata mkonge akafia huko. Alimwombea kila Jumapili. Halafu binamu yangu, aliyekuwa akipekua daftari za zamani za kanisa kule Masasi, akarudi na habari kwamba babu hakufa: alioa mke mwingine huko Tanga. Jina lake limo, na jina la baba yake limo.

Mama aliumia vibaya. Kanisa letu lilipotaka majina ya wazee wa kwanza yasomwe kwenye misa, alikataa la babu lisomwe.

"Mtu aliyenikimbia simwombei."

Mimi ni mbishi, na mama kuacha kumwombea baba yake kulinichoma. Nikamwambia nakwenda Masasi kuhakikisha mwenyewe. Akanuna, akaendelea kuchambua choroko zake.

Masasi nililikuta jina la babu ukurasa baada ya ukurasa. Wamisionari walikuwa na majina ya mitume waliyoyapenda, wakabatiza nayo watu wa kila kijiji, baba na watoto wao. Safu ya jina la mama wa aliyebatizwa haikuwepo. Hapo nilikasirika kweli. Kwetu mtu hujulikana kwa litawa, yaani ukoo wa mama yake. Ndilo la kwanza kuulizwa. Wageni wale waliuliza baba tu. Na binamu yangu, Mmakonde mzima, akasoma kama wao!

Karani wa kanisa alinidokeza kwamba jina hilo liko sana Chiungutwa. Nikachukua bodaboda. Nyumba ya kwanza hawakujua kitu, nyingine walidhani nimetumwa na watu wa ardhi, nikafukuzwa. Sikurudi nyuma. Jua likiwa kali nilimkuta mzee mmoja anapumzika baada ya kupulizia salfa mikorosho yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamtajia jina, nikamtajia Tanga. Akacheka.

"Huyo babu yetu! Alirudi na mke wa Kizigua. Kaburi la bibi lile pale."

"Na mama yake babu, wa litawa gani?"

"Sisi Wamakua twasema nihimo. Mama yake kazaliwa hapa hapa, Chiungutwa."

Mama yake babu yangu alikuwa Mmakonde wa Chilangala. Nililia mbele ya mzee wa watu, akabaki ananishangaa na kunipa pole.

Nyumbani nilimweleza mama yote.

"Kwa hiyo aliyeoa Tanga siye."

"Siye, mama."

"Na wetu yuko wapi?"

"Hilo sijalipata. Nitaendelea kutafuta."

Jioni aliniagiza nikapeleke jina kanisani.

Siku ya misa jina lilisomwa, na watu wa familia kadhaa wakasimama, kila mmoja akidhani ni wake. Mama akasimama pia, na magoti yake yale mabovu.

"Padri, soma tena," alisema kwa sauti. "Baba yangu ni wa Chilangala." Akataja na litawa la bibi yake.

Padri akasita, kisha akalisoma upya, pamoja na litawa. Ndipo mama alipokaa, akamlilia baba yake kama aliyefiwa asubuhi ile.